Spika Zinaingiaje Kwenye Pampu ya Maji?

Mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu programu na tarakilishi, kwa hivyo leo mtashangaa magari yameingilia wapi hapa. Vumilieni kidogo. Ubishi ninaotaka kuusimulia ni ule ule ninaokutana nao kazini karibu kila wiki: kitu kimeharibika, mteja anasema ni kosa la aliyekitengeneza, aliyekitengeneza anasema ni kosa la mteja aliyekichezea. Tofauti ni kwamba mara hii kitu chenyewe kilikuwa na magurudumu na mkopo wa benki.

Miaka michache iliyopita shemeji yangu alinunua minibasi mpya ya abiria 33. Wakenya wengi hatujui habari ya waranti ya gari kwa sababu tunanunua magari yaliyotumika Japani, yale yasiyozidi miaka minane, na waranti ya mtengenezaji huwa ilishaisha kabla meli haijatia nanga Mombasa. Wanaonunua gari jipya ni makampuni, shule, wasafirishaji, na watu kama shemeji ambao gari ni kazi. Kwao kile kijitabu cha waranti ni sehemu ya bei waliyolipa.

Sasa tazama safari ya gari hilo kabla halijabeba abiria hata mmoja. Muuzaji aliuza chesi na injini. Mafundi wa bodi wakajenga bodi, viti na taa. Sheria ikataka kidhibiti mwendo, maana tangu kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, gari la abiria halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Benki ikataka kifaa cha kufuatilia gari, treka, ili siku mkopo ukikwama wajue gari liko wapi. Mwisho shemeji mwenyewe akaweka muziki: spika, ampu na skrini mbili. Msimlaumu. Matatu isiyo na muziki katika njia ile inapakia wazee peke yao, tena asubuhi tu.

Mwezi wa tano maji yakaanza kuvuja mbele ya injini. Pampu ya maji ilikuwa inalia kama cherehani kuukuu. Gari likavutwa mpaka kwa muuzaji, sitalitaja jina lake. Jamaa wa kaunta akafungua kifuniko chini ya dashibodi, akaona nyaya za rangi zote, akafunga kifuniko. "Bwana, gari hili limechezewa. Waranti imekufa."

Shemeji akanipigia simu. "Shemeji, wewe ni mtu wa kompyuta. Njoo uwaambie hawa watu."

Nilikwenda. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi.

"Pampu imeharibika nini?"

"Inaonekana ni beringi."

"Na beringi imeharibiwa na nini?"

"Bado hatujafungua."

"Sasa kama hamjafungua, mmejuaje ni spika?"

"Ni sera ya kampuni, bwana."

Pampu ile ilikuwa inazungushwa na mkanda wa injini. Haina waya hata mmoja. Ungeweza kung'oa umeme wote wa gari lile, na mradi injini inazunguka, pampu ingezunguka. Niliuliza kwa adabu kabisa: waya za spika zinaingiaje kwenye pampu ya maji? Sikujibiwa.

Nitasema msimamo wangu mapema ili usomaji uwe rahisi. Kuongeza kitu kwenye gari hakuui waranti. Kunaleta swali moja tu: je, kitu kilichoongezwa ndicho kilichosababisha hitilafu hii? Likijibiwa ndiyo, mwenye gari alipe. Likijibiwa hapana, muuzaji atengeneze. Anayekataa kulijibu swali na kukimbilia neno "limechezewa" anavunja ahadi aliyolipwa kuitoa.

Tukasome kijitabu. Waranti ni ahadi kwamba kasoro ya malighafi au ya utengenezaji ikijitokeza ndani ya muda au kilomita zilizotajwa, itarekebishwa bila malipo. Vitu vinavyolika kwa matumizi, kama breki pedi na vipangusa kioo, kwa kawaida havimo. Halafu kuna kifungu cha mabadiliko. Kijitabu cha shemeji kilisema waranti haihusu uharibifu unaotokana na vifaa visivyo vya mtengenezaji. Hilo neno "unaotokana" ndilo kila kitu. Jamaa wa kaunta alikuwa analisoma kama limeandikwa "gari lenye vifaa visivyo vya mtengenezaji". Ninyi mnaoandika programu mnajua madhara ya kuweka sharti lisilo sahihi kwenye mstari mmoja: programu nzima inaendesha tawi ambalo halikukusudiwa. Hapa tawi lenyewe ni mtu kukaa nyumbani huku mkopo unahesabika.

Jambo hili limeshabishaniwa kwingine, tena kwa muda mrefu. Marekani ilipitisha sheria ya Magnuson-Moss mwaka 1975. Inamkataza mtoa waranti kumlazimisha mteja kutumia kipuri au huduma ya jina fulani kama sharti la waranti, isipokuwa akivitoa bure au akipata ruhusa maalum. Tume ya Biashara ya huko, FTC, huwaeleza wananchi hivi: kutumia tu kipuri cha kampuni nyingine hakubatilishi waranti, ila kampuni inaweza kukataa kulipia uharibifu ikionyesha kwamba kipuri hicho ndicho kilichouleta. Mwaka 2015 tume hiyo ilimaliza kesi dhidi ya BMW kuhusu waranti ya magari ya MINI, iliyodaiwa kufungamanishwa na vipuri na huduma za MINI. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Harley-Davidson, kwa pikipiki. Kwa hivyo hata pale sheria ilipokaa miongo minne na zaidi, makampuni hujaribu. Tusidhani ni sisi peke yetu tunaoonewa.

Karibu na kwetu, Afrika Kusini ilitoa mwongozo wa ushindani katika soko la huduma za magari, ukaanza kutumika Julai 2021. Unamtambua mwenye gari lililo ndani ya waranti kuwa na haki ya kulipeleka kwa gereji huru, na kama gereji hiyo ikiharibu kitu, hasara ya kitu hicho haimwangukii mtengenezaji. Mantiki ni ile ile: aliyesababisha ndiye alipe, na mengine yabaki kama yalivyokuwa.

Na Kenya? Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha wa bidhaa anayouza. Si maneno mepesi hayo. Anayekunyima waranti ana habari, na habari hizo unazihitaji. Tukimwomba aziandike hatumwombi zawadi.

Lakini nisije nikaonekana wakili wa shemeji tu. Sikilizeni sehemu ya pili ya kisa.

Miezi kadhaa baadaye gari lile lile liliungua nyaya nyuma ya dashibodi. Hapakuwa na moto wa kuita zimamoto, ila moshi ulitosha kuwashusha abiria wote barabarani. Shemeji akaja mbio, tayari kwa vita vya pili. Tukafungua wenyewe kwanza. Fundi wa muziki alikuwa amechukua umeme wa ampu kutoka kwenye waya wa taa za ndani, akaruka fyuzi kwa kipande cha waya mtupu.

Hesabu ni ya darasa la nane. Ampu ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 24 inavuta zaidi ya ampea 40, na hapo bado hujahesabu zile zinazopotea kama joto. Waya wa taa za ndani haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Fyuzi ndiyo iliyowekwa kukatika kabla waya haujayeyuka, na fyuzi yenyewe ilikuwa imenyimwa kazi. Nikamwambia, "Shemeji, hii ni yetu." Alinuna siku mbili, akalipa. Muuzaji angekataa dai hilo ningemuunga mkono kwa mikono miwili.

Gari moja, muziki ule ule, hitilafu mbili, majibu mawili tofauti. Kilichotofautisha majibu ni kufungua na kutazama.

Sasa nije kwenye uwanja wangu, maana kuna mabadiliko ya aina nyingine ambayo hayaonekani kwa macho. Nazungumzia kuandika upya programu ya kompyuta ya injini. Vijana wengi wenye magari ya dizeli yenye tabo wanaijua. Unapeleka gari, jamaa anachomeka laptopu kwenye tundu lililo chini ya usukani, na kwa dakika chache injini inapewa mafuta zaidi na tabo inasukuma hewa zaidi. Gari linaondoka kama limetiwa pilipili.

Hapa nawaambia wazi: kama gari liko ndani ya waranti, usifanye. Sababu ya kwanza ni ya ufundi. Injini, klachi na giaboksi vilipigiwa hesabu kwa nguvu fulani. Ukiongeza nguvu, umegusa kila kitu kinachobeba nguvu hiyo mpaka kwenye magurudumu. Kwa hivyo lile swali letu, je, badiliko ndilo lililosababisha, linakuwa gumu kulijibu kwa hapana. Spika na pampu ya maji havijuani, lakini programu ya injini na giaboksi ni mtu na jirani yake.

Sababu ya pili ni ya ushahidi. Watu hudhani watarudisha programu ya zamani kabla ya sevisi na hakuna atakayejua. Kompyuta nyingi za injini zina kihesabio kinachoongezeka kila programu inapoandikwa, na kurudisha ya zamani nako ni kuandika. Tena programu yenyewe ina nambari ya uthibitisho inayotokana na kila herufi iliyomo. Badilisha tarakimu moja na nambari haitalingana na ya kiwandani. Huko Marekani mawakala wa Volkswagen na Audi wana alama inayoitwa TD1: gari likigunduliwa kuwa na programu iliyobadilishwa, alama hiyo inaingia kwenye kumbukumbu za kampuni, na madai ya injini na giaboksi hukumbana nayo popote gari litakapopelekwa. Mwaka 2020 kampuni ya Ingenext ilikuwa inauza kifaa cha kuongeza kasi ya Tesla Model 3 kwa dola 1,100, wakati Tesla wenyewe walikuwa wakiuza kasi kama hiyo kwa dola 2,000. Tesla wakatuma toleo jipya la programu, na wenye kifaa wakaona onyo kwenye skrini kwamba gari limegundua badiliko lisiloafikiana nalo. Gari lilimshtaki mwenyewe, bila fundi kufungua boneti.

Naelewa upande wa kampuni pia. Mtu akichoma injini kwa programu ya mtaani kisha akaja na uso wa malaika kudai injini mpya, gharama hiyo hatimaye inatiwa kwenye bei ya magari tunayonunua sisi wengine. Kumbukumbu za kompyuta zinawalinda dhidi ya walaghai, na hilo ni sawa.

Kisicho sawa ni kumbukumbu hizo kusomwa na upande mmoja tu. Hitilafu inapotokea, kompyuta ya injini huhifadhi namba ya kosa na pamoja nayo picha ya wakati ule: mzunguko wa injini, mwendo wa gari, joto la maji. Huo ni ushahidi unaoweza kumtia hatiani mwenye gari, na pia unaoweza kumtoa. Muuzaji anausoma kwa mashine yake, anaamua, halafu anakupa hukumu bila ushahidi. Mimi nikimwambia mteja kwamba programu imeanguka kwa kosa lake, ananiomba logi, na nikikataa kumpa ana haki ya kunishuku. Kwa nini gari la mamilioni ya shilingi lidai kidogo kuliko programu ya duka?

Kuna jambo linaloniudhi kuliko yote. Katika vitu vilivyoongezwa kwenye gari la shemeji, alichokitaka yeye ni muziki peke yake. Kidhibiti mwendo kilitakiwa na sheria. Treka ilitakiwa na benki. Vyote viwili hufungwa na watu wengine, vinachukua umeme wa gari, na kidhibiti mwendo kazi yake hasa ni kuizuia injini isitoe yote inayoweza. Kisha muuzaji anaona nyaya hizo na kumwambia mwenye gari amelichezea. Yaani mtu anaagizwa na serikali, anaagizwa na benki, halafu anaadhibiwa na kampuni kwa kutii. Wote walioagiza wako ofisini, na gari likisimama anayelala njaa ni dereva na makanga.

Hapo marekebisho yake si magumu. Anayefunga kifaa kinachotakiwa kisheria au na mkopeshaji atoe hati inayoonyesha amechukua umeme wapi, kwa fyuzi ya ampea ngapi, na kwamba atabeba hasara ya kazi yake. Muuzaji, ambaye anajua fika kwamba kila matatu atakayouza itafungwa vitu hivyo, aonyeshe mahali salama pa kuunganisha. Na benki isimtake mtu afunge kifaa ambacho yenyewe haiko tayari kukiwekea sahihi.

Kabla ya hayo kufika, jilinde mwenyewe. Soma kijitabu kabla hujafunga chochote, hasa kifungu cha mabadiliko. Piga picha za nyaya kabla na baada. Tunza risiti za mafundi na za kila sevisi, maana mteja asiye na rekodi ya kubadilisha oili anampa muuzaji sababu ya bure. Usimruhusu fundi akate nyaya za kiwandani kama panapatikana kiunganishi, na usiruhusu fyuzi irukwe hata kwa dakika tano. Dai likikataliwa, omba mambo matatu kwa maandishi: ni kifaa gani kimesababisha, kimesababisha kwa njia gani, na kompyuta ya gari ilihifadhi makosa yapi. Wasipojibu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Pampu ya maji inaingia humo na nafasi inabaki.

Sisi hatukufika mahakamani. Nilimwandikia muuzaji barua ya ukurasa mmoja yenye yale maswali matatu. Wiki mbili zikapita kimya. Wiki ya tatu shemeji akapigiwa simu aje achukue gari, pampu imebadilishwa. Kwenye karatasi aliyopewa, mahali pa sababu, paliandikwa kwamba kazi imefanywa bila malipo kwa hisani ya kampuni.

Shemeji alifurahi, akasema Mungu awabariki. Mimi ile karatasi inanikera mpaka leo. Gari lilikaa wiki tatu bila kazi, mkopo haukukaa hata siku moja, na maswali yangu hayajajibiwa. Hisani anaitoa mwenye mali akipenda, na kesho akiamka vibaya haitoi. Shemeji alikuwa ameshalipia ile pampu siku aliyonunua gari. Kama kuna msomaji aliyewahi kupewa jibu kwa maandishi, lenye kutaja kifaa na njia kilivyoharibu, aniandikie. Ningependa kuiona barua hiyo kwa macho yangu.